Bwana Jana Anarudi Saa Kumi na Moja

Jumatatu, 23 Novemba 1964

Nimepata! Nilikuwa nafagia jumba la mikutano, nimefika mstari wa nne wa viti, wazo likanijia kwa nguvu hata ufagio ukaniponyoka. Kakamega itakuwa na televisheni. Na mimi Lazarus, mtunza jumba, mshika funguo zote saba, ndiye nitakayeileta.

Nieleze, maana shajara hii siku moja itasomwa na watu wakubwa. Mwezi wa nane nilitumwa Nairobi kuchukua mapazia mapya ya jumba. Kwenye dirisha la duka moja nikaona televisheni inaendelea. Mtu mwenye nguvu za ajabu, amevaa kaptula juu ya suruali, anazunguka kama pia, anarudi siku iliyopita, anampiga adui yake, anamwokoa mke wake. Sauti sikuisikia kwa sababu ya kioo, lakini nilielewa kila kitu. Nilisimama pale hadi askari akaniuliza nina kazi gani mjini.

Mawimbi ya Nairobi hayafiki huku. Haidhuru! Chrispinus seremala atatengeneza sanduku kubwa lenye dirisha mbele. Tutaingia ndani, tuonekane kuanzia kifuani. Tofauti iko wapi?

Shujaa nitakuwa mimi. Bwana Jana. Adui ataitwa Bwana Hapana, atavaa kofia ya kahawia, na atakohoa mara mbili kabla ya kusema. Mji mzima utajua ni nani. Ni shemeji yangu Cleophas, mwenye pikapu, mlango wa tatu kutoka kwangu. Tarehe 7 Aprili 1962, saa kumi na moja jioni, kule Isecheno nilikokuwa karani wa msitu naye jirani yangu, nilimwomba hiyo pikapu nimpeleke mke wangu hospitali. Mke wangu Musimbi, dada yake mwenyewe, toka nitoke! Akakohoa mara mbili, akasema haiwezekani. Musimbi hakufika hospitali. Sijamsalimu Cleophas tangu siku ile. Leo nimepata fimbo.

Alhamisi, 26 Novemba

Sanduku limekamilika. Zuri mno! Chrispinus ameweka hata vifundo viwili vya kuzungusha, kimoja cha sauti na kimoja ambacho hajui ni cha nini. Yeye ndiye atakuwa Bwana Hapana. Anakohoa vizuri kuliko mwenyewe.

Mazoezi yameleta ubishi. Chrispinus aliuliza Bwana Jana anarudije nyuma. Nikamwambia anazunguka mara tatu kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayefungua parafujo. Nikaonyesha. Nikaanguka juu ya mke wa Bwana Jana.

Mke wa Bwana Jana ni gunia la mahindi. Hakuna mwanamke aliyekubali kulala ndani ya sanduku na wanaume wawili, na siwalaumu. Gunia limefunikwa blanketi, linatosha.

Chrispinus tena: Bwana Jana akishamwokoa mke wake Jumamosi hii, Jumamosi ijayo tutaonyesha nini? Swali la mjinga, lakini nililizungusha kichwani hadi chai ikapoa. Mwisho nimeamua. Kila wiki lazima mke afe upya, ndipo Bwana Jana apate sababu ya kurudi. Chrispinus akatazama gunia, akasema maskini. Nikamwambia afanye kazi.

Jumamosi, 28 Novemba

Ushindi! Jumba lilijaa, wengine wakaning'inia madirishani. Nilivaa kaptula juu ya suruali na pazia jekundu lililobaki mabegani. Nilipozunguka mara tatu, kina mama walipiga vigelegele. Nilimkuta Bwana Hapana jana yake, saa kumi na moja jioni, akakohoa mara mbili, na jumba zima likacheka na kugeuka nyuma.

Cleophas alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwona vizuri kupitia dirisha la televisheni. Nilimpiga Chrispinus ngumi nne, moja ya kweli kwa bahati mbaya. Cleophas akavua kofia yake ya kahawia, akaikunja kwapani, akatoka.

Mtu mmoja tu aliharibu. Philemon, mwalimu wa hesabu, ambaye hawezi kuona kitu kizima bila kutaka kukigawanya. Alinyoosha mkono. Aliuliza: ikiwa Bwana Jana amerudi jana, na jana yenyewe Bwana Jana alikuwepo, basi wako wawili. Huyo mwingine yuko wapi? Nikajibu kutoka ndani ya sanduku kwamba huyo mwingine yuko likizo. Watu wakaridhika. Philemon hakuridhika. Aliandika kwenye kijitabu.

Nilirudi nyumbani nikiimba. Nikafungua mlango, nikaanza kumwambia Musimbi jinsi kofia ilivyovuliwa. Nilifika nusu ya sentensi.

Jumatatu, 30 Novemba

Jescah, mke wa Cleophas, amekuja na unga wa mtama. Mimba yake imefika mwisho, anatembea ameshika kiuno. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi kuhusu Jumamosi na nikakosa pa kuutua. Aliuliza jambo moja tu. Je, blanketi lile lenye mistari ya buluu, lililofunika gunia, si ndilo la wifi yake Musimbi?

Nikasema mablanketi ya mistari ya buluu yako mengi.

Ndilo. Sina lingine.

Jumanne, 1 Desemba

Jescah amejifungua mtoto wa kike. Nimeambiwa na Chrispinus, ambaye ameambiwa na kila mtu. Sitakwenda. Mwenye pikapu asherehekee na pikapu yake.

Nina habari kubwa zaidi. Karani wa sherehe amenipa nusu saa uwanjani tarehe 12, siku nchi itakapokuwa Jamhuri, mara tu gwaride likiisha! Wakubwa wote wa wilaya, machifu, kwaya za shule. Mbele yao wote Bwana Hapana atapiga magoti na kuomba msamaha. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Hawakuwa na tambara.

Jumamosi, 5 Desemba

Bado sijavua pazia. Naandika hivyo hivyo.

Jumba lilijaa kuliko mara ya kwanza. Mke wa Bwana Jana akafa. Muziki. Nikainuka dirishani, kifua mbele, pazia jekundu, kaptula juu. Nikatazama mstari wa mbele.

Mama mkwe!

Mama Kageha mwenyewe, mama yake Musimbi na Cleophas, amekaa katikati na kitambaa chake cheupe kichwani. Amekuja kumwona mjukuu, na majirani wakaona wampeleke kutazama ajabu ya mji. Hakuna aliyemwambia ni nani yuko ndani. Mimi, ambaye kwa miaka kumi nikimwona njiani naingia shambani mwa watu, kama mila yetu inavyomtaka mkwe, ambaye sijawahi kukaa naye chumba kimoja, nimesimama hatua tatu mbele ya mama mkwe wangu, kaptula juu ya suruali.

Nikapiga mbizi. Sikufikiri. Nilikuwa chini ya dirisha, nimelala juu ya gunia, kabla sijajua nimeondoka.

Televisheni ikabaki tupu. Watu wakangoja. Kisha mmoja akasema imeharibika, na mwingine akaja kuipiga kofi ubavuni, kama wanavyopiga redio. Wa tatu akazungusha kifundo cha sauti. Nikaona bora nitoe sauti. Nikanguruma kutoka chini kwamba mimi ni Bwana Jana. Wakashangilia, wakasema imeanza kupona. Chrispinus, Mungu ambariki, akawaeleza kwamba Bwana Jana amesharudi jana na ndiyo sababu leo haonekani. Hata Philemon alisema hapo kuna mantiki.

Ndipo mama mkwe akasema. Hakusema nami, hawezi. Alimgeukia mwanamke aliyekaa naye, lakini kwa sauti ya jumba zima. Nimeyaandika kama yalivyotoka.

"Mwambieni huyo mtu wa sanduku. Kama anajuanga kurudi nyuma, mbona anarudinga saa kumi na moja jioni peke yake? Mtoto wangu aliamka mgonjwa asubuhi. Arudi asubuhi."

Hakuna aliyecheka. Nilisikia viti, kisha miguu, kisha mlango. Nilibaki pale chini hadi Chrispinus akauliza kama nimelala.

Jumapili, 6 Desemba

Sikwenda kanisani.

Basi. Kitabu hiki ni changu, hakuna anayekisoma. Niandike mara moja.

Tarehe 7 Aprili 1962, saa moja asubuhi, Musimbi alisema tumbo linamuuma. Akasema ni kidogo tu, lakini akasema nikae. Kisha ngoma za isukuti zikapita barabarani, filimbi, matawi, watu wote wa Isecheno wanaelekea mapigano ya mafahali. Siku hiyo Gavana anapigana. Hakukuwa na fahali kama Gavana Isukha nzima. Nikamwambia Musimbi nitarudi kabla ya saa sita. Akageukia ukuta.

Gavana alishinda. Tukamzungusha, tukaimba. Nilirudi saa kumi na nusu, majani kichwani, bado naimba. Nilianza kumsimulia kabla sijaingia ndani. Alikuwa sakafuni.

Ndipo ikawa saa kumi na moja, ndipo nikakimbilia kwa Cleophas. Na pikapu ilikuwa juu ya mawe. Magurudumu yote manne yametolewa, breki ziko kwenye karai. Niliona kwa macho yangu. Alisema haiwezekani kwa sababu haikuwezekana. Hili sijaliandika popote, wala kumwambia mtu.

Alichofanya ni kushika upande wa pili wa kitanda. Tulimbeba Musimbi, yeye mbele, mimi nyuma, kwenye matope, mvua inanyesha. Alifia kwenye daraja la pili. Cleophas hakuacha kutembea. Nilimpigia kelele kwamba amekufa, naye akaendelea kutembea na kitanda.

Nimesoma tena niliyoandika. Inauma. Nilidhani ukiandika, maumivu yanapungua.

Baadaye: nimepata njia! Nguvu za Bwana Jana zinatoka kwenye jua la magharibi. Kwa hiyo hawezi kurudi asubuhi, hata akitaka. Hilo halimo katika uwezo wake. Hapo hata Philemon hana la kusema. Nimeiingiza kwenye ukurasa wa kwanza wa mchezo.

Alhamisi, 10 Desemba

Cleophas amekuja mlangoni kwangu. Kofia mkononi. Alikohoa mara mbili, nami nikaona haya, maana nilisikia Chrispinus.

Hakuzungumzia televisheni. Alisema mtoto analia. Tangu azaliwe, siku tisa, analia, ziwa analiacha. Kina mama wazee wamemwitia majina ya marehemu wote wa upande wa baba, kisha wa upande wa mama, wanangoja anyamaze ili wajue ni nani amerudi. Hakuna. Jana Mama Kageha alimwita Musimbi. Mtoto akanyamaza, akatazama mlango. Halafu akalia kuliko mwanzo.

Wazee wanasema mwenye jina ametaka kuja, lakini kuna mtu anamshika. Kuna mtu anamfisha kila Jumamosi.

Basi wanaomba mume wake aje, amwite mwenyewe, amwachie. Jumamosi hii, saa tatu asubuhi.

Jumamosi hii! Tarehe 12! Nikamweleza kwa upole kwamba saa tatu Jamhuri itakuwa inaningoja uwanjani. Kwamba kuna wakubwa. Kwamba baada ya sherehe, labda jioni, saa kumi na moja hivi.

Lilinitoka lenyewe. Cleophas akaigeuza kofia mkononi. Akasema Jescah hajalala tangu Jumanne ya wiki jana. Akavaa kofia, akaenda.

Jumamosi, 12 Desemba

Tulilipakia sanduku kwenye mkokoteni mapema. Mimi nimekwisha vaa kila kitu, gunia ndani, blanketi juu yake. Bendera kila mlango. Chrispinus anasukuma, mimi naongoza. Njia ya uwanjani inapita mbele ya nyumba ya Cleophas. Hilo nilikuwa nimelifikiria, nikaamua tupite mbio.

Tukapita. Nikamsikia.

Sijui nieleze vipi. Nimesikia watoto wakilia maisha yangu yote. Sauti ilikuwa imekauka, inakwaruza, imechoka kuliko umri wake. Nikamwambia Chrispinus asimame kidogo tu. Akasema gwaride limeanza. Nikatoa blanketi kwenye gunia. Akauliza sasa mke wa Bwana Jana atafunikwa na nini. Nikamwambia aendelee, nitawakuta.

Niliingia na pazia langu jekundu na kaptula yangu juu. Mama Kageha alikuwemo, pembeni ya moto. Akageukia ukuta mara moja, nami nikageukia mlango, hivyo ndivyo tulivyopeana heshima. Jescah alimleta mtoto kwa nyuma yangu akamweka mikononi. Mwepesi! Mama mkwe akamwambia Jescah, aniambie, nisiogope, niite tu.

Nikamwita. Nikasema, Musimbi. Nikasema, mimi ndiye niliyekwenda. Nikasema, njoo hapa kwa kaka yako, kuna joto.

Akapiga chafya. Akanyamaza. Akalala, kinywa wazi, kama aliyekuwa akingoja kuruhusiwa. Kina mama wakapiga vigelegele vya chini chini wasimwamshe. Nililia nikiwa nimetazama mlango, na pazia lilinifaa kujifuta. Cleophas akaniwekea mkono begani, akauacha hapo. Tulimfunika mtoto kwa blanketi la mistari ya buluu.

Uwanjani Chrispinus alicheza peke yake. Alikohoa, akajipiga, akajiomba msamaha. Nasikia wakubwa walidhani ni mahubiri dhidi ya ulevi na walipiga makofi sana.

Jumapili, 13 Desemba

Nimekula kwa Cleophas. Ingokho, kuku wa kienyeji, na mimi nikapewa firigisi kama mkwe! Mama Kageha alikula chumba cha pili, akanipelekea salamu kupitia Jescah, nami nikarudisha kwa njia hiyo hiyo. Cleophas alisimulia Musimbi alivyokuwa mdogo, alivyoanguka mtoni na kutoka na samaki mkononi. Sijawahi kuisikia. Tulicheka hadi Jescah akatukumbusha mtoto amelala.

Sanduku nimempa Jescah, kuku wanataga ndani, wanaonekana kuanzia kifuani. Gunia la mke wa Bwana Jana limekwenda kusagwa. Mchezo nimeuchoma, isipokuwa nakala moja.

Naapa hapa, kwa wino. Nimejifunza. Lazarus wa jana amekwisha. Asubuhi ni asubuhi, mtu akikuambia kaa, unakaa.

Jumamosi, 19 Desemba

Saa moja na nusu asubuhi. Kumepambazuka vizuri, hakuna mvua.

Cleophas ameondoka alfajiri na pikapu, anapeleka mbegu kwa walowezi wapya wa Lugari, atarudi kesho. Jescah amekuja mlangoni. Mtoto ana joto kidogo na hakunyonya vizuri. Anasema ni kidogo tu, lakini Mama Kageha ameomba, kwa kuwa mimi nina baiskeli na ndiye mwanamume pekee aliyebaki, nisitoke leo. Nikae karibu, wanaweza kuniita. Nimemwambia asiwe na wasiwasi hata chembe. Mimi si mtu wa kuambiwa mara mbili.

Mpwa wangu! Musimbi mdogo! Nitakaa hapa hapa kizingitini.

Ngoma za isukuti zinapita barabara ya chini. Chrispinus amepita mbio, tawi mkononi, ananiita. Leo anapigana Jamhuri, fahali mpya, mtoto wa Gavana mwenyewe! Wanasema ana shingo ya baba yake.

Nimelipima jambo hili kwa mantiki, kama Philemon. Wakati ule tulikuwa Isecheno, mbali na kila kitu. Sasa tuko mjini, hospitali iko pale ng'ambo. Wakati ule sikuwa na baiskeli. Sasa ninayo, na nikiwa nayo kule uwanjani nitarudi haraka zaidi kuliko kama nisingeondoka nayo. Wakati ule lilikuwa tumbo. Hii ni homa. Hakuna kinachofanana. Tena mtoto amelala, nimechungulia, amegeukia ukuta.

Jescah yuko jikoni. Sitamsumbua kwa kuaga. Nitarudi kabla ya saa sita.